Maisha ya Ezra Cornell, Seremala Aliyeanzisha Chuo Kikuu

Muhula uliopita nilipewa kazi ya kupanga upya vitabu vya maktaba yetu. Katika sanduku moja lililoletwa na wanafunzi wa zamani nilikuta kitabu kidogo, jalada lake limeliwa na mende, kinachosimulia maisha ya Mmarekani mmoja, Ezra Cornell. Jina hilo nilikuwa nimelisikia kama jina la chuo kikuu tu. Sikujua kwamba ni jina la mtu, wala kwamba mtu huyo mwenyewe hakupata kusoma hata katika shule kama hii yetu. Nilianza kukisoma nimesimama, nikakimaliza nimekaa juu ya sanduku, na kengele ya chakula ikanipita. Kwa kuwa mwaka huu ndio wa mwisho wangu hapa, nimeomba nafasi niwasimulie habari zake, na mwishoni nitasema kwa nini zimenigusa.

Ezra Cornell alizaliwa tarehe 11 Januari 1807 huko Westchester, mahali ambapo sasa ni sehemu ya mji wa New York. Baba yake, Elijah, alikuwa mfinyanzi na mkulima. Ezra alikuwa mtoto wa kwanza, na nyuma yake walifuata wadogo kumi. Wazazi wake walikuwa Wakristo wa dhehebu la Marafiki, yaani Quakers, ambao wengi wetu tunawafahamu kwa kazi yao huko Kaimosi, ng'ambo ya mpaka. Mwaka 1819 familia ilihamia DeRuyter, bara ya jimbo la New York, nchi ya vilima na misitu.

Shule kwa watoto wa wakulima ilikuwa ya miezi michache tu wakati wa baridi, maana wakati mwingine wote mikono ilihitajika shambani. Ezra alipofika umri wa miaka kama 16, baba yake aliona hawezi kumwachilia tena hata kwa miezi hiyo michache. Basi Ezra na mdogo wake wakafanya mapatano na baba. Kulikuwa na eka nne za msitu mnene. Wakikata miti yote, wakalima na kupanda mahindi, wataruhusiwa kwenda shule kipindi kimoja cha baridi. Vijana wale wawili walishika mashoka, wakaangusha miti, wakachoma visiki, wakapanda. Eka nne zikatimia, nao wakaenda shule. Hiyo ndiyo ilikuwa karibu elimu yake yote ya darasani.

Useremala alijifunza kwa kutazama. Mafundi walipokuja kujenga karakana ya baba yake, yeye aliwasaidia na kuwachunguza, na kabla hajatimiza miaka 20 akawajengea wazazi wake nyumba ya ghorofa mbili kwa mikono yake. Kisha akaondoka nyumbani kutafuta kazi, na mwezi wa Aprili 1828 akafika kwa miguu katika mji mdogo wa Ithaca, kando ya ziwa Cayuga, akiwa na zana zake na nguo chache. Alifanya kazi ya useremala, halafu ya fundi katika kiwanda cha pamba, na baadaye Bwana Jeremiah Beebe akamweka asimamie vinu vyake vya unga na vya jasi. Maji yaliyozungusha vinu yalipitishwa katika mfereji wa mbao uliokuwa ukiharibika mara kwa mara. Cornell akatoboa mwamba kwa baruti, akayapitisha maji ndani ya jiwe lenyewe.

Mwaka 1831 alimwoa Mary Ann Wood. Binti huyo hakuwa wa dhehebu la Marafiki, na kwa ajili hiyo Cornell akatengwa na kanisa lake. Alijulishwa kwamba akikiri kosa na kujuta atarudishwa. Yeye hakuweza kusema kwamba anajuta kumwoa mke anayempenda, akabaki nje. Nawaombeni mlikumbuke jambo hili, kwa maana lilizaa tunda baada ya miaka mingi.

Mwaka 1837 biashara iliharibika Marekani nzima. Mabenki yalifungwa, watu wakafilisika, na baada ya muda vinu vya Bwana Beebe vikauzwa. Cornell, mwenye mke na watoto, akajikuta hana kazi. Akanunua haki ya kuuza plau ya namna mpya katika majimbo mawili, Maine kule kaskazini na Georgia kule kusini. Nauli hakuwa nayo, basi akatembea. Inasemekana safari moja alikwenda kutoka Ithaca mpaka Albany, maili 160, kwa siku nne. Plau hazikununuliwa sana. Lakini katika Maine alikutana na mtu aliyebadili njia ya maisha yake.

Mtu huyo alikuwa F. O. J. Smith, mwenye gazeti la wakulima na mshiriki wa Samuel Morse. Morse alikuwa amebuni telegrafu, ile simu ya zamani iliyopeleka habari kwa alama kupitia katika waya, si kwa sauti. Mwaka 1843 Bunge la Marekani lilimpa dola 30,000 ajenge njia ya majaribio kati ya Washington na Baltimore, umbali wa maili kama 40. Waya ulikusudiwa kulazwa chini ya ardhi ndani ya bomba la risasi, na Smith ndiye aliyechukua kazi ya kuchimba. Cornell alipomkuta alikuwa akihangaika, hajui atachimbaje mfereji mrefu hivyo kwa fedha ile. Cornell akachukua karatasi, akachora mashine kama plau, ya kukata ardhi, kulaza bomba na kufukia, yote kwa mara moja. Akaiunda, ikafanya kazi, naye akaajiriwa.

Hapa pana kisa kilichotugawanya bwenini kwetu. Baada ya maili chache, Morse aligundua kwamba waya ndani ya bomba hazikukingwa vizuri, na umeme ulikuwa ukipotea. Kazi yote ilikuwa bure, na fedha nyingi zimekwisha. Kama waandishi wa magazeti wangejua, Bunge lingekasirika na uvumbuzi wenyewe ungekufa. Morse akamwomba Cornell kwa siri atafute njia ya kuisimamisha kazi bila watu kujua sababu. Cornell akarudi kwenye mashine, akawahimiza nyumbu waende kasi, akaielekeza kwenye mwamba, ikavunjika. Magazeti yakaandika kwamba ajali imetokea. Wenzangu wengine walisema huo ni uongo, hata kama hakutamka neno. Wengine wakasema aliokoa jambo kubwa, tena kwa kuvunja kitu alichokibuni mwenyewe. Mimi nilikuwa upande wa kwanza, na bado nipo. Lakini lazima niseme pia alilofanya baada ya pale. Wakati wote wa baridi alikaa Washington akisoma vitabu vya umeme, yeye ambaye shule aliijua kwa miezi tu, mpaka akafikia shauri kwamba waya upitishwe juu ya nguzo, ukikingwa kwa vioo. Morse kwanza alipendelea mpango wa msaidizi mwingine, lakini Profesa Joseph Henry, mtaalamu mkubwa wa umeme, alipoulizwa alisema wa Cornell ndio wenye nguvu. Nguzo zikasimamishwa, na tarehe 24 Mei 1844 habari ya kwanza ikaruka kutoka Washington mpaka Baltimore.

Mngedhani utajiri ulikuja siku ile. La. Cornell na wenzake walikwenda Boston na New York kuwaonyesha watu maajabu haya kwa kiingilio kidogo, na watu hawakuja. Husimuliwa kwamba huko New York, akiwa hana kitu mfukoni, aliokota sarafu barabarani, ndipo akapata chakula cha asubuhi. Hata hivyo aliamini kwamba nchi nzima itafungwa kwa waya. Alijenga njia moja baada ya nyingine, kuelekea Philadelphia, na toka Buffalo mpaka Milwaukee, na mara nyingi malipo yake aliyapokea kwa hisa badala ya fedha taslimu. Nguzo zilianguka kwa barafu, makampuni mengine yakashindana naye, na madeni yakamzunguka pande zote. Kule Ithaca Mary Ann alilea watoto kwa shida. Walizaa watoto tisa, na watatu kati yao walikufa wangali wadogo. Kwa miaka kumi na zaidi mama yule aliishi karibu kama mjane, mumewe yuko hai.

Mwaka 1856 makampuni yaliyokuwa yakipigana yaliungana, na Cornell akashauri kampuni mpya iitwe Western Union. Yeye alishikilia hisa zake wakati wengine walipouza. Hisa zile zikapanda thamani, na kabla ya miaka mingi mtembezaji plau akawa miongoni mwa matajiri wa jimbo la New York.

Sasa nimefika kwenye sehemu iliyonifanya niandike. Mtu akipata mali baada ya taabu ndefu hivyo, huwa na ruhusa ya kupumzika. Cornell alinunua shamba kubwa juu ya kilima cha Ithaca, akafuga ng'ombe wa mbegu bora, na mwaka 1862 akawa mkuu wa Chama cha Kilimo cha jimbo. Mwaka huo huo aliingia katika Baraza la Wawakilishi la New York kwa chama cha Republican, na tangu 1864 mpaka 1867 akawa seneta wa jimbo. Kwanza aliwajengea watu wa Ithaca maktaba ya bure, iliyofunguliwa mwaka 1866. Lakini swali lililomsumbua lilikuwa hili: fedha zilizozidi mahitaji ya nyumba yake azifanyie nini ili ziwafae vijana maskini wenye bidii?

Ilitokea kwamba tarehe 2 Julai 1862 Rais Lincoln alitia sahihi sheria ya kuyapa majimbo hati za ardhi ya serikali, ili mauzo yake yaanzishe vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi pamoja na elimu nyingine. Jimbo la New York lilipata hati za eka karibu 990,000. Vyuo vingi vidogo vikanyoosha mikono, kila kimoja kikitaka fungu lake. Cornell mwenyewe, aliyekuwa mdhamini wa chuo cha kilimo kule Ovid, alitaka nusu iende huko. Aliyempinga alikuwa seneta kijana, Andrew Dickson White, msomi wa Yale. White alishikilia kwamba mali hiyo ikigawanywa vipande vipande haitajenga chochote cha maana. Hapo ndipo nilipompenda Cornell. Alikuwa mzee kuliko White kwa miaka 25, tena tajiri, lakini alisikiliza, akaona kijana ana haki, akageuka. Akasema mali yote ikae pamoja, naye ataongeza dola 500,000 na shamba lake la kilimani.

Mswada uliletwa barazani mwezi wa Februari 1865, na vita vikaanza. Wapinzani walisema anataka kujijengea sanamu, na kwamba zawadi yake ni mtego wa kuiba ardhi ya watu. Yeye alikaa kimya kitini pake akiyasikiliza hayo yote. Mwisho baraza lilikubali, lakini kwa sharti la ajabu: Cornell alipe dola 25,000 kwa chuo kingine, Genesee College, kana kwamba mtu anatozwa ushuru kwa kosa la kutoa zawadi. Akalipa. (Baadaye baraza lilirudisha fedha hizo kwa chuo kikuu chake.) Tarehe 27 Aprili 1865 Gavana Reuben Fenton alitia sahihi.

Katika sheria ile mna mambo mawili yaliyotoka moja kwa moja katika maisha yake. La kwanza, kila mwaka mwanafunzi mmoja kutoka kila wilaya ya uchaguzi ya jimbo, nazo zilikuwa 128, asome bila ada. La pili, wadhamini walio wengi wasiwe wa dhehebu moja, na mtu asikataliwe kwa ajili ya dini yake. Mtu aliyetengwa kwa sababu ya ndoa hakutaka mlango wake umfungie yeyote.

Hati za ardhi zilikuwa zimeshuka bei, na majimbo mengine yaliziuza kwa senti 50 kwa eka. Cornell akazichukua sehemu kubwa ya hati za New York, akachagua nazo misitu ya misonobari katika Wisconsin, akalipa kodi na gharama toka mfukoni mwake, na kuahidi kwamba faida yote itakuwa ya chuo. Sina budi kuongeza kwamba misitu ile ilikuwa kwanza nchi ya Waojibwe na wenyeji wengine wa asili, walioipoteza kwa mikataba yenye mashinikizo ya serikali. Cornell hakuwanyang'anya yeye, lakini wema wake ulisimama juu ya hasara yao, na si haki kusimulia moja bila lingine.

Chuo Kikuu cha Cornell kilifunguliwa tarehe 7 Oktoba 1868 kikiwa na wanafunzi 412. White alikuwa mkuu wake wa kwanza. Majengo hayakuwa yamekwisha, kengele zilitundikwa katika mnara wa mbao wa muda, na Cornell mwenyewe alikuwa mgonjwa. Yeye alitaka wanafunzi maskini wajilipie gharama kwa kazi za mikono. Mpango huo haukufaulu vizuri, maana wengi hawakujua ufundi, na si kila mtu aweza kukata miti mchana na kusoma hesabu usiku. Nadhani alisahau kwamba si wote walikuwa Ezra Cornell. Lakini katika jambo la wasichana aliona mbali. Alitaka wasome pamoja na wavulana, na mwaka 1873 msichana wa kwanza alipata shahada yake pale.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa michungu. Alitia fedha nyingi katika reli za kuifikia Ithaca, na biashara ilipoanguka tena mwaka 1873 akapoteza sehemu kubwa ya mali. Mwaka huo huo zile lawama za ardhi zilizuka upya, safari hii kwa nguvu zaidi. Yeye mwenyewe akaomba achunguzwe. Gavana akateua tume, ikapekua hesabu, ikamwona hana hatia. Tarehe 9 Desemba 1874 alifariki akiwa na miaka 67. Nyumba kubwa ya mawe aliyokuwa akiijenga, iitwayo Llenroc, ambalo ni jina lake likisomwa toka nyuma, ilikuwa bado haijakamilika. Alikufa wakati misonobari ya Wisconsin ilikuwa bado mzigo wa kodi. Miaka mingi baadaye, chini ya usimamizi wa Henry Sage na wenzake, ardhi hiyo ilikiletea chuo faida ya kama dola milioni tano. Mwanawe Alonzo alikuwa gavana wa New York tangu 1880 mpaka 1882.

Hayo ndiyo maisha yake. Sasa niseme langu. Kitabu nilichosoma kilitaja zile eka nne, kisha kikamfuata Ezra mpaka mwisho, lakini yule mdogo wake aliyeshika shoka la pili hakikumtaja tena. Nilirudi nyuma nikamtafuta kurasa zote, sikumpata. Usiku ule sikulala upesi. Mimi pia ninaye ndugu, naye ni mkubwa wangu. Baba alipougua, yeye aliacha shule akiwa Kidato cha Pili ili atunze kahawa yetu. Nilipofaulu kuja hapa, kahawa haikutosha ada, naye akafyeka kipande cha pori kule juu mlimani, akapanda vitunguu na viazi kwa ajili yangu. Kila mwanzo wa muhula hunisindikiza mpaka barabarani amebeba sanduku langu, na hajapata kunisimanga hata mara moja. Sisi tulifyeka wawili, lakini darasani niliingia peke yangu.

Zamani nilifikiri deni hilo nitalilipa nikiwa tajiri. Cornell hunionya kwamba utajiri waweza kuchelewa, au kuja na kuondoka. Basi nimeanza na kidogo. Likizo iliyopita nilikaa na ndugu yangu jioni, tukafungua daftari langu la hesabu pale alipoishia yeye. Anajifunza upesi kuliko nilivyojifunza mimi. Na binti yake wa kwanza ataanza darasa la kwanza mwaka ujao. Nimemwambia ndugu yangu kwamba sare, vitabu na ada ya mtoto huyo, mpaka atakapofika, ni juu yangu. Ninaliandika hapa mbele yenu nyote ili nisipate njia ya kulikana.

Nanyi wanafunzi wa zamani, mlioleta lile sanduku la vitabu, asanteni. Pengine mlidhani mnatoa vitu vikuukuu. Kimoja kimesomwa.